Akechi Mitsuhide: jemedari aliyemgeuka bwana wake alfajiri, akatawala siku 11

Mleta uzi

Wakuu, kila tukigusia usaliti humu ndani majina ni yale yale: Yuda, Brutus, basi. Leo twendeni Japani ya karne ya 16, zama ambazo mabwana wa majimbo walipigana zaidi ya miaka 100 na kugeukana lilikuwa jambo la kila msimu. Katika zama hizo chafu, mtu mmoja tu ndiye aliyebebeshwa jina la msaliti mpaka leo. Nina maoni yangu kwa nini ni yeye na si wengine, lakini kwanza kisa chenyewe.

Aliyeuawa ni Oda Nobunaga. Alizaliwa 1534 jimbo la Owari, mtoto wa bwana mdogo. Mwaka 1560 pale Okehazama aliivamia kambi ya Imagawa Yoshimoto akiwa na watu elfu mbili tatu hivi, dhidi ya jeshi lililomzidi mara nyingi, na watu wake wakaondoka na kichwa cha Imagawa. Mwaka 1568 akaingia Kyoto akimsindikiza Ashikaga Yoshiaki awe shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa nchi. 1573 akamfukuza huyo huyo Yoshiaki. Katikati hapo, 1571, alichoma mahekalu ya Mlima Hiei, wamonaki, wanawake na watoto wakaenda na moto. Alikuwa jamaa wa kuogopwa, na alijua kuwa anaogopwa.

Sasa Mitsuhide. Nusu ya kwanza ya maisha yake ni giza tupu. Hata umri wake wanabishana: wengine wanasema alikufa na miaka 55, wengine 67. Anajitokeza akiwa mtu mzima tayari, anamtumikia Yoshiaki na Nobunaga kwa pamoja, anajua adabu za ikulu, anajua mashairi, anajua kujenga ngome. Msimdhanie mpole lakini. Pale Mlima Hiei alikuwemo, na zawadi yake ilikuwa wilaya ya Shiga, akajenga ngome ya Sakamoto kando ya Ziwa Biwa. Kisha akapewa kazi ya kuliteka jimbo la Tanba, milima na ngome ndogo ndogo, ikamchukua kuanzia 1575 hadi 1579. Mwaka 1580 Nobunaga aliandika barua ya kumfukuza mzee wake wa miaka mingi, Sakuma Nobumori, na humo akamtolea Mitsuhide mfano: tazama mwenzako alichofanya Tanba. Ikumbukeni hiyo barua, nitairudia.

Tufike 1582. Mimi nasema ramani ndiyo iliyomuua Nobunaga. Majemedari wake wote walikuwa mbali: Shibata Katsuie kaskazini Etchu anapambana na ukoo wa Uesugi, Takigawa Kazumasu mashariki kabisa Kozuke, Hideyoshi magharibi Bitchu ameizingira ngome ya Takamatsu ya ukoo wa Mori. Nobutaka, mtoto wa tatu wa Nobunaga, yuko Osaka na Niwa Nagahide wakisubiri kuvuka bahari kwenda kisiwa cha Shikoku. Tokugawa Ieyasu, mshirika mkubwa, yuko Sakai anatembea tu kama mgeni. Nobunaga mwenyewe akaingia Kyoto na watumishi vijana wake, bila jeshi, akiwa na vyombo vyake vya chai vya thamani kuwaonyesha wakubwa wa ikulu. Akafikia hekalu la Honnoji. Mrithi wake, Nobutada, akalala hekalu la Myokakuji, si mbali.

Mwenye jeshi kubwa karibu na Kyoto alikuwa mmoja tu. Mitsuhide, ngome ya Kameyama kule Tanba, mwendo wa usiku mmoja. Tena jeshi lilikuwa limeshakusanywa kwa amri ya Nobunaga mwenyewe, kwenda kumsaidia Hideyoshi.

Wakatoka jioni, watu wapatao 13,000. Wakavuka mlima, wakafika njia panda: mkono mmoja unakwenda magharibi vitani, mwingine unashuka Kyoto. Wakashuka Kyoto. Mnasoma mahali kwamba Mitsuhide alipaza sauti "Adui yuko Honnoji!", lakini maneno hayo yaliongezwa na wasimuliaji wa baadaye. Mimi namwamini zaidi askari mmoja wa kawaida, Honjo Soemon, aliyekuwemo usiku ule na akaandika kumbukumbu zake uzeeni. Anasema hawakujua kabisa kuwa anayetafutwa ni Nobunaga. Walidhani Nobunaga ameagiza Ieyasu auawe! Ndani ya hekalu walikuta ukumbi mtupu, chandarua kimetundikwa, hata panya hayupo.

Ilikuwa alfajiri ya siku ya 2, mwezi wa sita wa kalenda yao, kwetu 21 Juni 1582. Nobunaga akauliza ni nani, akaambiwa bendera ni za Akechi. Ota Gyuichi, mtumishi wake aliyeandika historia yake, anasema alijibu kwa kifupi tu kwamba basi, hakuna la kufanya. Akapiga upinde mpaka uzi ukakatika, akashika mkuki, akajeruhiwa kiwiko, akawaambia wanawake watoke, akaingia vyumba vya ndani hekalu likiwaka, akajiua. Mwili haukupatikana. Nobutada alipopata habari hakukimbia, akahamia jumba la Nijo, akaomba mwana wa mfalme aliyekuwa akiishi humo aruhusiwe kutoka salama, akapigana, naye akajiua.

Asubuhi moja, baba na mrithi wote wameondoka. Nitaendelea, kwanza semeni.

Chumvi_Mbichi

Mkuu uzi umesimama. Ila umeruka swali lenyewe: KWA NINI? Mtu amepewa ngome, amepewa jimbo, anasifiwa kwenye barua, halafu anamuua bosi. Mimi nilisikia Nobunaga alimdhalilisha mbele za watu.

Jongoo wa Bara

Nami nilisoma kuwa mama yake Mitsuhide aliuawa kwa sababu ya Nobunaga. Mtu akikuulia mama hapo hakuna tena bwana wala mtumishi.

Mleta uzi

Hiyo ya mama ni tamu kusimulia ndiyo maana imeenea. Inasema Mitsuhide alipoizingira ngome ya Yakami kule Tanba, aliwapa ukoo wa Hatano mama yake awe mateka ili watoke kwa amani, Nobunaga akawaua waliotoka, na waliobaki ngomeni wakamuua bibi wa watu. Kweli ni kwamba ndugu wa Hatano walisulubiwa mwaka 1579. Lakini Yakami ilikuwa imezingirwa miezi mingi mpaka watu wakala majani. Ilikuwa inaanguka yenyewe. Mtu aliyeshinda kwa njaa anamtoa mama yake rehani ya nini? Kisa hicho kimeandikwa baadaye sana.

Kudhalilishwa ni nusu kwa nusu. Wiki mbili na kidogo kabla, Ieyasu alikwenda Azuchi kwa Nobunaga na Mitsuhide ndiye aliyepewa kazi ya kumkirimu. Hadithi ya samaki walionuka ni ya baadaye. Ila Luis Frois, padri Mjesuiti aliyekuwa Japani wakati huo huo, anaandika kwamba watu walisema Nobunaga alikasirika faraghani akampiga Mitsuhide teke. Siipuuzi, ila ni maneno ya watu, na teke peke yake haliamshi watu 13,000 usiku.

Mimi nipo upande wa wanaosema Shikoku. Mitsuhide ndiye aliyekuwa mjumbe kati ya Nobunaga na Chosokabe Motochika, bwana aliyekuwa akiimeza Shikoku. Mwanzo Nobunaga alimwachia Motochika ateke atakavyo. Baadaye akageuza maneno: rudisha sehemu ulizoteka. Motochika akagoma, Nobunaga akaagiza jeshi. Sasa mtazameni Mitsuhide hapo. Ahadi ilitoka mdomoni mwake, na jemedari wake mkuu, Saito Toshimitsu, ni shemeji wa ukoo ule kwa upande wa kaka yake. Mwaka 2014 kule Okayama zilitangazwa barua za familia ya Ishigai, yaani ya huyo kaka wa Saito, na mojawapo inaonyesha Motochika yuko tayari kukubali masharti. Imeandikwa siku chache tu kabla ya Honnoji. Jeshi la kwenda kumpiga lilikuwa lipande mashua siku ile ile Nobunaga alipokufa, au kesho yake. Mimi hapo sioni bahati mbaya.

Na ile barua niliyosema muikumbuke. Sakuma alikuwa ametumikia miaka 30, akaandikiwa orodha ya makosa 19 na kuambiwa aondoke. Mwaka huo huo mzee mwingine, Hayashi, akafukuzwa kwa kosa la zaidi ya miaka 20 nyuma. Na anayesifiwa ndani ya orodha hiyo ni Mitsuhide. Mtu mwenye akili anajua sifa za namna hiyo zina tarehe ya kuisha.

Bi Mwanahamisi wa Mtaani

Na yule samurai Mweusi? Mbona humtaji? Si alikuwepo siku hiyo?

Mleta uzi

Dada yangu nilikuwa namsubiri mtu aulize. Ndiyo, Yasuke alikuwepo. Aliingia Japani 1579 na padri Alessandro Valignano, na Mjesuiti mmoja aliyeandika miaka mingi baadaye anasema ni mtu wa Msumbiji, kwa hiyo ni wa pwani ya huku kwetu. Mwaka 1581 Nobunaga alipomwona hakuamini rangi yake, akaagiza asuguliwe kwa maji. Kisha akampenda, akamweka karibu, akampa posho, nyumba na upanga.

Siku ya Honnoji baada ya Nobunaga kufa alikwenda kwa Nobutada, akapigana kwa muda mrefu. Mtu wa Akechi akamwambia asiogope, atoe upanga, akautoa. Walipomuuliza Mitsuhide wamfanye nini, akasema huyu hajui kitu na wala si Mjapani, msimuue, mpelekeni kanisani kwa mapadri. Kauli ya dharau kabisa, lakini ndiyo iliyomwacha hai. Baada ya hapo Yasuke anapotea kwenye maandishi. Wanaowaambia alifanya hili na lile baadaye wanatunga.

Kisiki Kikavu

Mnamremba bure. Msaliti ni msaliti. Watu 13,000 dhidi ya watumishi mia hivi waliolala, huo ni ujasiri gani? Na alipata alichostahili.

Mleta uzi

Sijamremba mkuu. Tena nitakuongezea: kosa lake kubwa si kumuua Nobunaga, ni kwamba hakuwa na siku ya pili. Angalia.

Moja, hakupata mwili. Hideyoshi alilitumia hilo mapema kabisa. Kuna barua yake kwa Nakagawa Kiyohide, bwana wa Settsu, siku tatu baada ya tukio, anamwambia Nobunaga na mtoto wake wametoka salama. Uongo mtupu! Lakini bila kichwa cha Nobunaga nani angembishia? Nakagawa na Takayama Ukon kwa kawaida walikuwa wakipigana chini ya Mitsuhide. Wakaenda kwa Hideyoshi, wakawa mstari wa mbele.

Halafu daraja la Seta. Alitaka kuiwahi Azuchi, makao ya Nobunaga. Yamaoka Kagetaka mwenye daraja akalichoma na kukimbilia milimani. Siku zikapotea, mpaka siku ya 5 ya mwezi ule ndipo akaingia Azuchi na kugawa hazina.

Lakini kilichommaliza ni marafiki, na hapa ndipo mimi humwonea huruma. Hosokawa Fujitaka alikuwa mwenzake tangu enzi za Yoshiaki, wamepigana pamoja, binti wa Mitsuhide, Tama, ameolewa na Tadaoki mtoto wa Hosokawa. Kama kuna mtu wa kumtegemea duniani ni huyo mkwe. Hosokawa baba na mwana walipopata habari wakanyoa nywele kumlilia Nobunaga, wakakaa ndani.

Barua ya Mitsuhide kwao ipo mpaka leo, familia ya Hosokawa iliitunza. Ni ya siku ya 9, wiki moja baada ya kuua. Anasema aliposikia wamekata nywele mwanzo alikasirika, kisha akafikiri akaona ni jambo la kueleweka. Hata hivyo tumeni watu. Nimewawekea jimbo la Settsu, kama mnataka Wakasa, chukueni Wakasa. Jambo hili sikulifanya kwa sababu nyingine yoyote, anasema, ila kumwinua Tadaoki. Ndani ya siku 50 au 100 nitakuwa nimetuliza majimbo ya huku, kisha nawaachia vijana, mwanangu na Tadaoki, mimi sitajishughulisha tena.

Isomeni polepole. Mtu aliyeteka mji mkuu juzi anabembeleza kama mdaiwa. Hiyo ya kwamba nimefanya kwa ajili ya mtoto wako siiamini hata kidogo, ni lugha ya mtu anayezama. Hosokawa hakutuma mtu.

Tsutsui Junkei wa Yamato naye akavutavuta, mara anatuma askari, mara anawarudisha, mwisho akajifungia ngomeni kwake Koriyama. Mitsuhide alimsubiri kwenye njia ya mlimani ya Hora, Tsutsui hakutokea. Hadithi ikageuzwa baadaye ikawa Tsutsui ndiye aliyekaa pale mlimani kutazama nani atashinda, na mpaka leo Wajapani hulitumia jina la mahali hapo kwa mtu anayesubiri upepo.

Chumvi_Mbichi

Sasa Hideyoshi alifikaje haraka hivyo? Si ulisema yuko Bitchu?

Mleta uzi

Yupo Bitchu, karibu kilomita 200, na ameijengea ngome ya Takamatsu boma la udongo na kugeuza mto mpaka ngome imekuwa kisiwa. Habari zilimfikia usiku wa siku ya 3. Akazifunga. Watu wa Mori hawakujua. Asubuhi akafanya amani ya haraka: mwenye ngome, Shimizu Muneharu, akatoka kwa mashua katikati ya maji yale na kujiua mbele ya majeshi yote mawili, na mambo yakaisha. Siku ya 6 jeshi likaanza kurudi. Himeji, ngome yake mwenyewe, aliwagawia askari dhahabu na mchele wote wa ghalani, maana yake hakuna cha kurudia nyuma. Siku ya 13 jioni yuko Yamazaki, njia nyembamba kati ya kilima cha Tennozan na mto, na watu wanaomzidi Mitsuhide labda mara mbili.

Vita vilichukua masaa machache tu. Usiku Mitsuhide akatoroka kuelekea Sakamoto na wachache. Pale Ogurusu, kwenye vichaka vya mianzi, wakulima waliokuwa wakiwinda samurai walioshindwa ili wawavue silaha wakamchoma mkuki wa mwanzi. Wajapani huita utawala wake "wa siku tatu". Ukihesabu toka siku ya 2 hadi ya 13 ni siku 11.

Kisiki Kikavu

Ndiyo ninachosema. Hideyoshi mwaminifu alimlipizia bwana wake, msaliti akafa kwa mkuki wa mkulima. Haki imetendeka.

Mleta uzi

Mwaminifu? Haya.

Siku 14 baada ya Yamazaki, majemedari walikutana Kiyosu kuchagua mrithi wa Nobunaga. Watoto wakubwa wawili wapo hai, Nobukatsu na Nobutaka. Hideyoshi akamleta mjukuu, mtoto mdogo Sanposhi, huyu ndiye mrithi. Mtoto ambaye hajui kusema anatawala vizuri sana kwa niaba yako. Mwaka uliofuata, 1583, Hideyoshi akampiga Shibata Katsuie, na Nobutaka aliyekuwa upande wa Shibata akalazimishwa kujiua. Shairi la mwisho linalosemwa kuwa lake linamlaani Hideyoshi kwa jina. Mwaka 1584 akapigana na Nobukatsu. Mwaka 1585 akawa kampaku, mkuu wa serikali kwa niaba ya mfalme. Mwaka 1590 akamnyang'anya Nobukatsu ardhi yake. Ukoo wa Oda ulibaki wageni waalikwa katika nyumba waliyoijenga.

Hideyoshi alipokuwa anakufa 1598 aliwaapisha wakubwa wenzake, Ieyasu akiwemo, kumlinda mtoto wake Hideyori. Mwaka 1615 Ieyasu akaiangusha ngome ya Osaka, Hideyori akafa humo, na mtoto wa Hideyori wa miaka 8 akakatwa kichwa hadharani.

Nobunaga aliibiwa na wote watatu. Mitsuhide alimwibia uhai, Hideyoshi akaiba urithi, Ieyasu akamwibia mwizi. Wawili wa mwisho walijengewa mahekalu makubwa na kuabudiwa kama miungu. Na Hideyoshi hakungoja: mwaka huo huo wa 1582 alimwagiza mwandishi wake, Omura Yuko, aandike kisa cha kuangamizwa kwa Mitsuhide. Simulizi la msaliti tulilorithi lilianza kuandikwa na upande wa mtu aliyekuwa akiwapora watoto wa marehemu.

Kule Fukuchiyama, mji aliousimamia Mitsuhide, wao wana hekalu lake mpaka leo, wanamkumbuka kwa kuwasamehe kodi na kujenga tuta la kuzuia mto. Watu wa Kameoka wanamfanyia sherehe kila mwezi wa tano. Muulize mkulima wa Tanba na mkulima wa Ogurusu habari za mtu huyo huyo, utapata majibu mawili.

Jongoo wa Bara

Kuna wanaosema hakufa, aliyeuawa ni mwingine. Kwamba alijificha akawa mmonaki Tenkai, mshauri wa Ieyasu. Unaionaje?

Mleta uzi

Tenkai alikufa 1643. Hata tukichukua umri mdogo wa Mitsuhide, angekuwa na miaka 115 hivi, bado anashauri mashogun. Hapana mkuu.

Lakini kama unatafuta damu ya Honnoji kwenye ikulu ya Tokugawa, ipo na haihitaji kutungwa. Saito Toshimitsu, yule jemedari wa Mitsuhide aliyekuwa shemeji wa watu wa Shikoku, alikamatwa baada ya Yamazaki akauawa hadharani Kyoto. Aliacha binti mdogo, Fuku. Binti wa mhaini, hana pa kuegemea. Akakua, akaolewa, na mwaka 1604 akachukuliwa kuwa mlezi na mnyonyeshaji wa mjukuu wa Ieyasu. Mtoto huyo ni Iemitsu, shogun wa tatu wa ukoo wa Tokugawa, na Fuku ndiye Kasuga no Tsubone, mwanamke aliyeshika nyumba nzima ya ndani ya ngome ya Edo, mawaziri wakipita kwake kwanza. Kaeni na Tenkai wenu wa miaka 115, mimi nabaki na Fuku.